Ngozi Tunazo, Mafundi Wako Wapi?



Mwaka 1990 mashine za Kiwanda cha Viatu cha Morogoro zilinyamaza. Kiwanda hicho, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 za viatu kila mwaka, zitosheleze nchi nzima na sehemu kubwa zaidi ipelekwe kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa, nao wafanyakazi walikuwapo. Hata hivyo, uzalishaji wake haukupata kuvuka asilimia 4 ya uwezo uliotarajiwa. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu na hapakuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake la Januari sote tunalijua. Hadi leo wanauchumi wa nchi za mbali wanakitaja kiwanda hicho katika vitabu vyao kila wanapotaka mfano wa fedha za maendeleo zilizopotea. Jina la mji wetu limeingia katika maktaba za dunia kwa sababu ya viatu visivyotengenezwa.

Hatulifukui jambo hili ili tuwacheke wazee wetu waliofanya kazi pale kwa moyo na kuondoka mikono mitupu. Tunalifukua kwa sababu habari za kufufua viwanda vya ngozi zinasikika tena, katika hotuba za bungeni na katika mikutano ya wawekezaji, na kila mara zinapoanza huanza na mashine. Mashine ngapi zitaagizwa, kutoka Italia au China, kwa mabilioni mangapi. Ni mara chache sana tumesikia swali ambalo lingepaswa kutangulia: ni nani atakayezisimamia, na amefundishwa wapi?

Kuanguka kwa kiwanda kile hakukuwa na sababu moja. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri, mipango ilikuwa mikubwa kuliko soko, na waliochora jengo hawakuwauliza wenyeji juu ya hali ya hewa. Hayo yote ni kweli. Lakini kiatu huanza mbali sana na kiwanda cha viatu. Huanza mgongoni mwa ng'ombe, kikapitia kisu cha mchunaji, chumvi ya ghalani, chokaa na dawa za kiwanda cha kusindika ngozi, ndipo kifike mezani kwa mkataji na mshonaji. Katika kila hatua ya safari hiyo pahitajika mtu anayejua afanyalo, na hatua moja ikiharibika, zilizobaki haziwezi kuirekebisha. Taifa letu lilinunua kituo cha mwisho cha safari kabla ya kuwaandaa watu wa vituo vilivyotangulia.

Wakati ule serikali ilikuwa na viwanda vitatu vikubwa vya kusindika ngozi, kimoja Moshi, kimoja Mwanza na kimoja hapa Morogoro, chini ya shirika lililojulikana kwa kifupi kama TLAI. Miaka ya 1990 ilipoleta ubinafsishaji, viwanda hivyo vilipitia mikono tofauti na misimu mirefu ya ukimya. Mafundi waliokuwa wamezoea kazi walitawanyika. Wengine walirudi kulima, wengine wakafungua vibanda vya kushona viatu, na wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki pamoja na ujuzi wao. Hasara hii haionekani katika hesabu za mauzo ya mashirika ya umma. Jengo likibaki, hata likipata kutu, laweza kukarabatiwa, lakini ujuzi wa mtu aliyekufa bila mwanafunzi haukarabatiwi.

Tuutazame sasa utajiri wenyewe. Bajeti ya Wizara ya Mifugo iliyosomwa bungeni mwaka 2023 ilitaja ng'ombe zaidi ya milioni 36 na mbuzi zaidi ya milioni 26 nchini. Mkoani kwetu hatuhitaji takwimu: tumeona mifugo ya Mvomero na Kilosa, na kila alfajiri nyama huingia katika mabucha yetu. Je, ngozi za wanyama hao huenda wapi? Kwa miaka mingi zilikwenda nje zikiwa mbichi. Serikali, kwa nia njema ya kuvilinda viwanda vya ndani, iliweka ushuru mkubwa juu ya ngozi ghafi zinazosafirishwa, ukafikia asilimia 90 mwaka 2012 na kuwa asilimia 80 mwaka 2016. Shabaha ilikuwa sahihi. Lakini ushuru haumfundishi mtu kazi. Ngozi zilizuiwa mlangoni, na ndani ya nyumba hapakuwa na mikono ya kutosha ya kuzipokea. Bei ilipoanguka, wako wachinjaji waliozitupa au kuzifukia ardhini kwa sababu chumvi ya kuzihifadhia ilikuwa ghali kuliko ngozi yenyewe. Mfugaji aliyemlea ng'ombe miaka mitano hakupata chochote kutokana na ngozi yake.

Tuanzie kwenye kisu. Ngozi ya ng'ombe hupoteza thamani zaidi katika dakika chache za kuchunwa kuliko katika wiki zote za kusindikwa. Mchunaji hulipwa kwa idadi ya wanyama, hivyo hukimbizana na muda, naye hutumia kisu chenye ncha kali mahali panapotaka kisu kilichopinda, na hukata pale ambapo ngumi ingetosha kuitenganisha ngozi na mnofu. Kila tundu dogo likiingia katika pipa la dawa hutoka likiwa limepanuka. Tena ngozi ikiachwa saa kadhaa bila chumvi katika joto letu, bakteria huanza kuila, na nywele zikianza kung'oka kwa mkono, mchezo umekwisha. Kwa upande wa mfugaji, chapa ya moto iliyopigwa mgongoni au ubavuni huharibu sehemu iliyo bora kuliko zote, ilhali ingeweza kupigwa chini mguuni. Lakini mfugaji asiyelipwa kitu kwa ngozi ana sababu gani ya kujali chapa imepigwa wapi? Na mchunaji anayelipwa sawasawa kwa ngozi nzima na ngozi yenye matundu kumi ana sababu gani ya kupunguza mwendo? Hapa fundisho bila malipo ya haki halitafika popote. Ngozi ipangwe kwa madaraja, na bei ya daraja la kwanza imfikie mwenye kisu na mwenye ng'ombe, isiishie mfukoni mwa mnunuzi wa kati.

Ndani ya kiwanda mambo huwa mazito zaidi. Ngozi huloweshwa ili ipate tena unyevu wake, kisha hutiwa katika chokaa na salfaidi ya sodiamu ili nywele zitoke. Hukwanguliwa nyama na mafuta, ikaondolewa chokaa, ikalainishwa kwa vimeng'enya, ikatiwa tindikali na chumvi. Ndipo huingia katika dawa yenyewe ya kuifanya isioze. Zaidi ya robo tatu ya ngozi zote duniani husindikwa kwa chumvi za kromu, ambazo huipa ngozi rangi ya buluu. Nyingine husindikwa kwa tanini itokayo katika magome ya miti, nasi Watanzania hatukuanza jana katika hilo: kampuni ya miwati ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijengwa juu ya biashara ya magome hayohayo. Baada ya hapo kuna kupunguza unene, kutia rangi, kutia mafuta, kukausha, kunyoosha na kupaka umaliziaji.

Katika kila hatua fundi sanifu hupima uchachu wa maji, joto lake na muda. Akikosea kiasi cha tindikali, kromu itaganda juu ya ngozi na kuacha katikati ikiwa mbichi. Akikausha vibaya, ngozi itakuwa ngumu kama ubao. Mambo haya hayajulikani kwa kuonjesha kidole tu, ingawa mafundi wa zamani walikuwa na vidole vya ajabu. Yanataka mtu aliyesoma kemia, akafundishwa mbele ya pipa linalozunguka, akaharibu ngozi chache chini ya uangalizi wa mwalimu kabla ya kukabidhiwa elfu moja.

Kuna jambo ambalo wawekezaji hawapendi kulisema hadharani, nalo ndilo hasa lililotufanya sisi wa haki na amani tushike kalamu. Kazi ya ngozi ikifanywa na watu wasiofundishwa huua. Maji yenye salfaidi yakikutana na maji yenye tindikali hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikiwa nyingi hulegeza mishipa ya kunusa, mtu akadhani harufu imekwisha, kumbe pumzi yake ndiyo inayokwisha. Aliyeingia kusafisha shimo huanguka, na mwenzake anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Na shimo lenyewe la tope la kiwandani laweza kuwa kaburi: katika mji wa Ranipet nchini India, tarehe 31 Januari 2015, ukuta wa tangi la tope la viwanda vya ngozi ulibomoka usiku na kuua watu 10 waliokuwa wamelala karibu. Walikuwa wafanyakazi, wengi wao wakiwa wametoka mbali kutafuta riziki, na mahali pa kulala palikuwa hapo hapo pa kazi.

Kijana wa Kilakala akiajiriwa kiwandani kama kibarua wa kutwa, akakabidhiwa jozi moja ya buti zilizotoboka na kuambiwa aingie shimoni, huyo hakupewa ajira, amehatarishwa. Uhuru wa kusema "siingii humo mpaka hewa ipimwe" huja kwa yule anayejua kwa nini hewa hupimwa. Ndiyo maana kwetu mafunzo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la uchumi.

Vivyo hivyo kwa mto. Kusindika tani moja ya ngozi mbichi hutumia kwa kawaida lita 30,000 hadi 40,000 za maji, na katika tani hiyo ni kilo 200 hadi 250 tu zinazotoka zikiwa ngozi iliyokamilika. Kilichobaki chote, nywele, mafuta, nyama, chokaa, chumvi, na katika usindikaji wa kizamani takriban theluthi ya kromu iliyotiwa, hutafuta njia ya kutokea. Sisi tunaoishi miguuni pa Uluguru hupata maji yakiwa bado maangavu, kwa hiyo ni rahisi kusahau yanakokwenda. Mito yetu huteremka katika Ngerengere, Ngerengere ikamwaga katika Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonyweshwa Dar es Salaam. Kati yetu na jiji hilo wako wakulima wa mboga na akina mama wanaochota kwa ndoo, ambao hawana chombo chochote cha kupimia kilichomo. Mlinzi wa kwanza wa watu hao ni fundi wa kiwandani anayejua namna ya kutumia kromu ikaingia karibu yote katika ngozi, kutenganisha mifereji ya salfaidi na ya tindikali, na kusafisha maji kabla hayajaondoka. Mkaguzi wa serikali huja kwa mwaka mara chache; fundi yupo kila siku. Hata wafanyabiashara wenyewe wana sababu ya kumthamini, maana tangu Mei 2015 Jumuiya ya Ulaya imekataza bidhaa za ngozi zenye kromu ya aina ya sita kuzidi miligramu 3 kwa kilo, na aina hiyo yenye sumu hujitokeza hasa pale mchakato uliposimamiwa ovyo.

Je, mafunzo yanapatikana wapi? Tusiseme kwamba nchi haina kitu. Mwanza kulikuwa na chuo cha taifa cha teknolojia ya ngozi, na leo kazi hiyo inaendelezwa na kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo iliteuliwa katika mradi wa nchi za Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuwa kituo cha umahiri wa ngozi. Tunaona kichekesho kidogo, tena cha kutia moyo, kwamba benki ileile iliyogharimia kiwanda kisichokuwa na viatu baadaye iligharimia mafunzo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, imewafundisha wajasiriamali wadogo kushona mikanda, mikoba na viatu. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi aliyejifunza kibandani apewe cheti. Na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kipo hapa hapa Morogoro, upande wa Kihonda.

Wenzetu waliofanikiwa walianza na watu. India ilianzisha taasisi yake kuu ya utafiti wa ngozi mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai, mwaka 1948, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na viwanda vyake vikakua vikichota mafundi kutoka humo. Ethiopia nayo iliunda taasisi ya ngozi mjini Addis Ababa, ikatafuta ushirikiano na Wahindi hao. Ranipet inatukumbusha kwamba hata kwao si kila kiwanda kiliwasikiliza waliosoma.

Turudi nyumbani. Katika kata yetu ipo Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala, ambayo wazee wanaikumbuka ikiitwa Marian College chini ya Masista wa Maryknoll kabla ya serikali kuitwaa. Ni shule ya wasichana wenye vipaji. Humo, na katika shule nyingine za mji huu, mabinti wanajifunza kupima uchachu wa maji na kuandika milinganyo ya kemia. Ni wangapi kati yao waliopata kuambiwa kwamba hesabu hizo ndizo kazi ya kila siku ya fundi wa ngozi? Wanaambiwa udaktari, uuguzi, ualimu, na mwaka huu labda kompyuta. Wakikosa nafasi huko hurudi nyumbani kukaa. Wazazi wengi, wakiisikia kazi ya ngozi, hukunja pua. Ni kweli, inanuka. Tangu zamani watu wa kazi hii walisukumwa pembezoni mwa miji. Lakini msomaji wa Matendo ya Mitume anajua kwamba Petro alikaa siku nyingi Yopa katika nyumba ya Simoni, mtengenezaji wa ngozi, na kwamba wajumbe wa Kornelio walielekezwa kwenye nyumba hiyohiyo kando ya bahari. Mtume hakuona haya kulala palipokuwa na harufu ya kazi.

Dharau hii ina gharama nyingine. Kazi inayodharauliwa hulipwa kidogo, na kazi inayolipwa kidogo hukimbiwa na wenye akili ya shule, ikaachiwa wasio na pa kwenda. Kisha mwajiri husema, "Hawa hawana ujuzi, nitawalipaje zaidi?" Mzunguko huu hauvunjwi na mfanyakazi mmoja mmoja. Huvunjwa na cheti kinachotambulika, na mkataba wa maandishi, na chama cha wafanyakazi kilicho hai.

Basi tunaomba mambo machache, tena yasiyohitaji harambee kubwa. Kamati za haki na amani za vigango ziwatembelee wachunaji wa machinjio yetu, zizungumze nao kwa heshima, zijue wanalipwaje na wanatumia visu gani, na ziwaombe maofisa mifugo wa manispaa wawapatie mafunzo ya siku chache. Visu vilivyopinda havigharimu mabilioni. Mafundi viatu wetu wa vibandani waelezwe juu ya upimaji wa ujuzi wa VETA, na anayeshindwa ada asaidiwe na jumuiya yake.

Madiwani na wabunge wetu, kila watakapotuletea habari ya mwekezaji wa ngozi, waulizwe maswali haya kabla ya makofi: ni vijana wangapi wa hapa watakaochukuliwa kwa uanagenzi wenye mkataba, na mwisho wake watapata cheti gani? Maji machafu yatasafishwa wapi, na nani aliyesomea kuyasimamia? Kama majibu ni kwamba wataalamu watatoka nje na vibarua watatoka Morogoro, basi watu wasimame na kuuliza tena, kwa utulivu, mpaka wajibiwe.

Mwisho, kila jumuiya ndogo ndogo iorodheshe vijana wake, wa kiume na wa kike, waliofaulu masomo ya sayansi katika kidato cha nne nao wako nyumbani tu. Majina yaletwe kwa katibu wa kamati. Kamati itaulizia chuoni Mwanza masharti ya kujiunga, ada na nafasi za ufadhili, na kuwaletea wazazi majibu kwa maandishi, ili parokia ione kama yaweza kumsomesha angalau mmoja au wawili kwa mwaka wa kwanza. Mzazi mwenye binti aliyepata alama nzuri za kemia asisubiri tangazo la pili. Aje naye, na vyeti vyake mkononi.